Nilivyonyamazisha yowe la spika ya kwaya ili kaka yangu aachiliwe

Wakuu, habari za humu. Naona mnabishana kuhusu notch filter, kile kichujio cha kukata mlio mmoja, kila mtu na app yake. Niwape yangu ya Uvira, kule Kongo, enzi za uasi. Chumvi sitaongeza, iliyomo inatosha.

Nilikuwa fundi redio mtaa wa Songo. Spika za kwaya nilizitunza mimi, na kaka yangu Bahati ndiye alikuwa kiongozi wa kwaya.

Siku moja waasi walizichukua kwa mkutano wao bandarini Kalundu. Kamanda akafungua mdomo, spika ya kati ikapiga yowe. Akaanza upya, yowe tena. Watu wakacheka. Bahati, aliyekuwa amemshikia maikrofoni, naye kicheko kikamponyoka. Akakamatwa palepale.

Kamanda akaniita: "Weye fundi, hii bafle iko inanicheka. Kesho saa nane ikilia tena, yaya yako hautamuona." Bafle kwetu ni spika, na yaya ni kaka mkubwa.

Jamani, niliogopa.

Asubuhi nikaitoa spika kwenye boksi, nikailaza mezani, nikaimwagia punje za mchele. Nikapiga kinanda cha kwaya kupitia spika hiyo, noti moja moja. Kwenye noti ya La, mchele ukaruka. Nimempata mchawi!

Nikasuka coil kwa waya wa transfoma iliyoungua, nikaiunga mfululizo na kapasita na rezista, kisha nikafunga kichujio hicho sambamba na spika. La ikatulia. Nikamshukuru Mungu mapema mno.

Saa sita nikairudisha ndani ya boksi, nikajaribu maikrofoni.

Yowe lilelile.

Hapa ndipo wengi wenu mnapokosea pia. Spika ya mezani siyo spika ya ndani ya boksi. Hewa iliyofungiwa nyuma inaikaza, mlio wake unapanda. Mchele sasa uliruka kwenye Do ya juu yake.

Nikaanza kupunguza mizunguko ya coil ili kichujio nacho kipande hadi Do. Kumi, najaribu. Kumi tena, najaribu. Jasho linadondokea mchele. Saa saba na nusu, Do ikanyamaza. Nilikaa chini nikalia.

Saa nane kamanda akaongea. Sauti safi, ikawafikia hadi wapagazi kule kwenye maboti. Hakuna aliyecheka. Bahati akafunguliwa, akanikumbatia: "Mudogo yangu, aksanti. Twende ku nyumba."

Kamanda akasema, "Yeye aende. Weye fundi, panda gari. Muntu wa sauti kama hii hatumuache."

Mwaka mzima nilizunguka nao bonde la Ruzizi na spika zile. Niliporudi, Mama alishanililia matanga.

Funzo: pimeni spika ikiwa ndani ya boksi lake. Na ukimtengenezea mwenye bunduki, bakiza kamlio kadogo.

Ila Bahati leo ana wajukuu, na mimi kila nikiwaona nasema ningeisuka coil ile vilevile. Nyie mngebakiza?