Geti Lina Fundi Wake

Jirani yangu Jerry Omolo ni fundi wa mageti hapa Kiamunyi. Ukiona geti zuri lenye maua ya chuma, hata kule Milimani kwa wakubwa, huenda ni kazi yake. Ukiona geti limelegea upande mmoja, linaburuza chini na kulia kama nguruwe anayepelekwa sokoni, hilo ni la nyumbani kwake. Kulifungua ilibidi ulinyanyue kwa bega kisha usukume kwa nguvu zako zote. Mkewe Achola aliomba litengenezwe tangu binti yao Fancy akiwa chekechea. Fancy sasa yuko sekondari. Jerry alikuwa bado anasema ataliangalia.

Mwaka jana akapata kazi ya kuchomea vyuma Kanada. Binamu yake Ooko, aliyeko huko, alimwambia kwa simu kwamba mambo mawili humaliza watu: baridi, na kukumbuka nyumbani. Mtu mwingine angenunua koti. Jerry akaanza mazoezi.

Alianza na baridi. Alfajiri alioga maji ambayo hayajaona moto, kisha akaketi nje na fulana, midomo imekuwa rangi ya jivu, akisalimia wapita njia kana kwamba yuko sawa. Akina mama wa kanisa wakamuuliza Achola kwa upole kama kuna shida nyumbani. Baadaye Jerry akaamua kuwa baridi ya Kiamunyi ni ya watoto. Akapanga kwenda Olenguruone kwa Kibii, mkulima wa viazi ambaye Jerry aliwahi kumtengenezea geti la zizi.

Safari hiyo ingekuwa pia mazoezi ya jambo la pili. Kabla ya kuondoka aliita mkutano wa familia akatangaza kwamba kuanzia leo yuko Kanada. Asipigiwe simu kuhusu shida za nyumba, maana mtu wa Kanada hapigiwi kuambiwa gesi imeisha. Wataonana kwa video Jumapili. Na kama kuna anayetaka kulia, alie sasa, wa kumbembeleza angali hapa. Akangoja. Fancy akaomba ruhusa akamalize kazi ya shule.

Kibii aliponiletea viazi baadaye, alinieleza kwamba mgeni yule alimshinda. Mtu anakuja kwako kutafuta baridi, na wewe unakamua ng'ombe na shati la mikono mifupi. Chepkurui, mke wa Kibii, alimpa blanketi, akampa la pili, mwishowe akampa kigoda kando ya moto. Hapo ndipo Jerry alipozoea baridi ya Kanada, mpaka suruali ikanuka moshi. Mchana alikaa na simu mkononi. Alimuuliza Kibii kama netiwaki hushika huko. Ilikuwa inashika vizuri sana. Ni watu tu hawakupiga.

Jumapili akapiga mwenyewe. Gesi ilikuwa imeisha na ikanunuliwa. Jogoo mkali, yule aliyemwogopa Jerry peke yake, alikuwa ameliwa. Achola aliegemeza simu kwenye mkebe wa sukari akaendelea kukunja nguo. Jerry akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama geti linawasumbua. Akaambiwa geti halina shida. Alipokata simu alimwambia Kibii kwamba familia yake inateseka ila inamficha. Kesho yake akakatiza mazoezi.

Nilikuwa napunguza ua wangu wa michongoma alipofika na gunia la viazi mgongoni. Akanisalimia, akaweka bega kwenye geti kama miaka yote, akasukuma kwa nguvu zake zote. Geti likafunguka kama ukurasa wa Biblia, bila sauti. Jerry akaingia nalo, akalipita, akatua juu ya viazi chini ya kamba ya nguo. Mimi nikauangalia ua wangu kwa makini sana.

Achola akatokea mlangoni. "Karibu kutoka Kanada, Baba Fancy."

"Nani ameshika geti langu?"

"Khisa."

Khisa ni fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye Jerry humwita mziba sufuria.

"Si ungenipigia?"

"Ulisema tusipige. Na ukiwa huko Kanada tutalinyanyua kwa bega la nani?"

Jerry alikagua bawaba mpya kama polisi wa barabarani aliyesimamisha gari lisilo na kosa. Alifungua, akafunga, akafungua. Kisha akaja mpaka kwenye michongoma akaniambia polepole, "Jirani, hawa watu wamezoea nikiwa siko."

Mazoea yana taabu, husemwa, lakini hatuambiwi taabu ya nani.

Siku ya kuondoka, masanduku yamefungwa na wageni wa maombi wako njiani, Jerry alitoa mashine yake, akakata bawaba za Khisa, akachomea geti pale pale lilipokuwa zamani, limelala upande. Asubuhi nzima. Fundi ambaye Kanada imemwita kwa ajili ya mikono yake, akiitumia kuharibu. Achola alisimama mlangoni akitazama. Nilitarajia vita.

"Ukimaliza kuharibu," akasema, "uje unywe chai." Sauti yake haikunyooka kama maneno yake.

Wageni wote waliingia kwa bega, mchungaji pia.

Sasa Jerry ameenda. Ooko anasema ameivumilia baridi vizuri, bila shaka kwa sababu ya moto wa Chepkurui. Kila asubuhi namsikia Achola akilinyanyua geti huku akimteta mwanamume fulani. Juzi Khisa alipita akasema yuko tayari kulirekebisha bure, maana kelele zinamwaibisha hata yeye.

Achola alimshukuru. Akamwambia geti lina fundi wake, amesafiri tu.