Dini ya Zuhura ni Ngapi?

Mimi sipati faida yoyote kwa kusema uongo katika jambo hili. Wenzangu tunaokaanga nao sambusa hapa Brooklyn Center hunicheka, wanasema baridi ya Minnesota imenipanda kichwani. Wacheke. Niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu mawili, na nilikuwa nimekunywa chai tu.

Binti yangu Zuhura yuko haiskuli, na moyo wake wote uko kwenye ski, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Wala si ski ya kushuka mlima kwa adabu. Yeye anataka ile ya park, pale wanapowekewa vyuma virefu na matuta ya theluji, wakateleza juu ya chuma, wakazunguka hewani, wakatua kinyumenyume. Umewahi kumtazama mtoto uliyemzaa mwenyewe akifanya hivyo? Basi usiniulize kwa nini nina mvi.

Rafiki yake alikuwa amempa ski, lakini tupu, bila vifungo, yaani vile vyuma vinavyoshika buti. Bei za dukani zilinitoa jasho katikati ya baridi. Zuhura akaona tangazo kwenye simu: mtu wa Maplewood anauza vilivyotumika. "Mom, please, he has like a whole garage of them!" Nikakubali, lakini moyoni nilikuwa na jambo moja tu: mguu. Shangazi yangu aliteguka goti akiwa msichana, hakutembea sawa tena maishani mwake. Sikutaka ya shangazi yamfike mwanangu kwa sababu mama yake alipenda vya bei rahisi.

Tukaswali magharibi, tukaingia garini. Mlango wa gereji tuliukuta wazi, taa inawaka, na ndani amesimama bwana mmoja mrefu, mweupe, amevaa koti la ski na buti za ski. Buti za ski, ndani ya gereji! Nikasema moyoni, Wazungu na mambo yao.

Hata sijasalimu, akamtazama Zuhura, akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Mombasa: "Dini yake ngapi huyu, mama?"

Hebu jiweke mahali pangu. Mtu humjui, anakuuliza dini ya mtoto wako, tena anauliza ngapi! Damu ikanipanda. "Dini yetu ni moja, Uislamu. Kwani wewe mwenzetu unazo ngapi?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Alhamdulillahi, na mimi vivyo hivyo. Nauliza ya kifungo, mama."

"Mom, it's D-I-N," Zuhura akaninong'oneza, uso umemwiva kwa aibu. "It's the number. Oh my God."

Kumbe hiyo DIN ni kipimo cha nguvu ya kifungo kuishika buti kabla ya kuiachia. Bwana akanieleza taratibu. Kikilegea, ski inamtoka mtoto angali hewani. Kikikaza mno, akianguka mguu unapindika nayo ski haimwachii, na goti ndilo linalolipa. "Fundi wa duka ndiye atakayeiweka hiyo namba," akasema, "kwa uzito wake, urefu wake, buti yake na anavyoteleza. Mimi nauza tu."

Zuhura keshakimbilia jozi ya rangi ya waridi yenye namba kubwa kubwa. Mimi nimeikumbatia ya bei ya chini kabisa, ya zamani. Bwana akatunyang'anya zote mbili. "Hizi za waridi ni za mtu mzito, binti, wewe utakuwa chini kabisa ya kipimo chake. Na hizo zako, mama, zimekula chumvi. Hakuna fundi atakayekubali kuzigusa." Akatoa jozi nyeusi, haina urembo wowote. Kisigino chake kigumu, cha kustahimili kutua. Breki, vile vijiti vya kuizuia ski isitoroke ikivuka, zinapita upana wa ski kidogo tu. Namba ya Zuhura, alivyoikadiria, ilikaa katikati ya kipimo. Na bei nayo niliimudu.

"Lakini vinaachia kweli?" nikauliza. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

"Vyangu ni aina hiyo hiyo. Tazama." Akakanyaga ski yake iliyokuwa sakafuni, ta! Buti ikashika. Akajipinda kwa nguvu zake zote. Kifungo kikaiachia buti, na buti nayo ikauachia mguu, ikaruka mpaka kwenye ndoo.

Mguu ukabaki wazi. Ulikuwa kwato. Niamini, kwato kama ya mbuzi, safi, imepakwa mafuta.

Sisi watu wa pwani tumelelewa kumtazama mgeni miguu kwanza, maana jini hujigeuza mtu lakini kwato hazifichi. Lakini nani angekumbuka, mbele ya mtu aliyevaa buti za ski? Nikataka kusoma Ayatul Kursiy, ulimi ukakataa. Iliyotoka ni dua ya kula. Jini akaitikia, "Amin," kisha akasema kwa upole, "ila hiyo ni ya chakula, mama."

Zuhura alikuwa amechuchumaa anabonyeza kifungo kwa kidole, hakuona kitu. "Can we get these?"

Bwana wa watu akairudisha buti yake, ameona haya. "Ndiyo maana naviuza. Joto la kwetu lilinishinda, nikafuata baridi, nikaupenda mchezo. Lakini buti hazinishiki. Kila nikiruka natua peku." Wallahi, woga ulinitoka, nikamwonea huruma. Nikalipa, nikaaga, nikaendesha gari mpaka nyumbani nimewasha taa za hatari.

Fundi wa duka alivipima vifungo kwenye mashine yake, akavikubali, akavifunga na kuweka namba. Jumamosi tukaenda park. Zuhura akapanda chuma, akayumba, akaanguka mguu umepindika chini yake. Nikasikia ta! na ta! Ski zote mbili zikamwachia. Nikakimbia na buibui langu kwenye theluji, nikaanguka, nikaamka. Nikamkuta amelala chali anacheka. "Mom! They came off! Did you see?" Nikacheka na kulia kwa pamoja, mbele za watu.

Asiyeshukuru kidogo hashukuru kingi. Nikajaza sahani ya kaimati na sambusa, nikaipeleka Maplewood, nikaiacha mlangoni. Alfajiri nikaikuta sahani yangu mlangoni kwangu, imeoshwa, imejaa halwa ya moto. Sikuwa nimempa anwani. Lakini kwetu sahani hairudi tupu, na yeye ni wa kwetu. Mimi ningekula halwa yake nisimjazie tena? Basi mpaka leo sahani inakwenda na kurudi.

Basi nakuonya, wewe unayemtafutia mwanao vifungo. Rangi isikudanganye, bei isikudanganye, na fundi apime. Ukimkuta bwana yule, nunua, mshukuru kwa mdomo, uondoke zako. Usimpelekee sahani! Mimi nimeingia na sitoki. Leo tena nakanda unga, viganja vinauma. Halafu namsikia Zuhura akishuka ngazi mbio, kwa magoti yake mawili mazima, na ninaongeza unga.