Kiti cha Papa katika darasa la Kilatini

Niliwaambia watu wawili hapana siku moja, katika ua mmoja, na hapana ile sijaijutia mpaka leo. Mmoja alikuwa padiri aliyenifundisha Kilatini. Wa pili alikuwa dada ya baba yangu, shangazi wa Kabalo. Walidhani wanagombana wao kwa wao, kumbe waliyekuwa wakimvuta huku na huku ni mimi.

Mji wetu wa Kalemie siku zile ulikuwa bado na jina la mfalme wa Wabelgiji, na nyuma ya jina lake walikuwa wametia mkia, ville, yaani mji kwa Kifaransa, ambao ni villa ya Kilatini iliyochakaa. Uhuru ulikuwa umeshakuja na vurugu zake. Masela wengi, ndivyo tulivyowaita watawa wa kike, walikuwa wameondoka, na darasa lao la juu la wasichana likafungwa. Nikabakiwa na shule ya kushona vitambaa vya meza. Aka! Vitambaa vya meza ya nani? Nilikwenda koleji ya wavulana nikamwambia Padiri nataka kuingia darasa la Kilatini. Akatabasamu, akanionyesha kiti cha mbele. Nilidhani amenipokea kwa sababu ya akili zangu.

Somo lile nililipenda tangu siku ya kwanza, nisiseme uongo. Padiri aliandika ubaoni shina la neno, kisha akalitia mikia, na kila mkia ulizaa neno jipya. Liber ni mtu huru. Tia -tas nyuma yake, unapata libertas, uhuru wenyewe. Wafaransa wakaukata mkia ule wakabaki na liberté, Wahispania wakasema libertad, Waitaliano libertà. Ferrum ni chuma. Tia -arius, unapata ferrarius, mfua chuma, ambaye Uhispania anaitwa herrero. Mkia huohuo, uliochakaa ukawa -ier, ndio uliomfanya Mfaransa aseme caissier, yule kesie mpokea pesa wa stesheni aliyetutukania mama zetu dirishani.

Mkia mmoja ulinikasirisha. Mente, alisema Padiri, zamani lilikuwa neno zima lenye maisha yake, maana yake "kwa nia". Watu walisema clara mente, kwa nia iliyo wazi. Wakalisema sana, likagandamana na neno lililotangulia, hata likasahau kwamba liliwahi kutembea peke yake. Leo ni claramente, ni clairement, mkia tu. Nilikaa pale nikilionea uchungu neno lile kama jirani aliyeonewa.

Ikaja siku ya -tor na -trix, mikia ya mtendaji mwanamume na mtendaji mwanamke. Kiswahili chetu hakina habari hiyo: mwimbaji ni mwimbaji, avae suruali au kikwembe. Padiri akatoa mfano wa mwanamke: nutrix, mwenye kunyonyesha mtoto. Wavulana wote wakageuka kuniangalia, wakacheka. Nikanyoosha mkono.

"Padiri, na victrix? Mwanamke aliyeshinda?"

"Lipo," akasema, akafuta ubao.

Nyumbani nilimweleza Papa, baba yangu, mambo haya wakati wa chakula. Papa alikuwa mtu wa reli, kazi yake kufunga mabehewa stesheni. Nilimwambia shina ni kichwa cha treni na mikia ni mabehewa: ukibadilisha behewa la nyuma mzigo unabadilika, lakini kinachovuta ni kilekile. Alicheka, akasema, "Basi Kilatini njo kazi yangu." Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao chenye mikono, sisi wengine kwenye mkeka. Kiti kile hakuna aliyekikalia, hata Mama. Kwetu, mtoto anayekaa kwenye kiti cha baba yake ni kama anamtakia kufa. Hata wageni wakubwa tuliwapa kigoda.

Sasa sikiliza kosa la mtaa wetu. Kilatini watu walikijua kutoka mahali pamoja tu, kwenye Misa. Mvulana akisoma Kilatini, anakuwa padiri. Basi msichana je? Wanawake waliokuwa wakianika ndakala, dagaa wa ziwa letu, ufukweni wakaanza kuniita, "Masela, utuombee!" Nikacheka nao. Sikujua maneno yale yameshapanda treni.

Shangazi alishuka kutoka Kabalo akiwa amefura. Hata maji hakunywa.

"Munamupa Mungu mutoto wetu bila kuniuliza miye?" akamfokea Papa uani. "Nani atazaa? Kabalo kuna watu wazuri wanamungojea. Kesho anapanda treni na miye!"

Mama, kwa kuona mambo yameharibika, alimtuma jirani kumwita Padiri aje anitetee. Maskini Mama. Padiri akaja mbio, akapewa kigoda, akafuta jasho.

"Mama," akamwambia Shangazi, "usimzuie mtoto aliyeitwa na Bwana. Atakuwa mtawa mzuri. Nilimpokea kwa sababu hiyo tu."

Sababu hiyo tu! Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza kitu. Nikisema nitakuwa masela, ninabaki na Kilatini na ninamkosa Shangazi na ukoo wote. Nikisema sitaki utawa, Shangazi anashangilia na Padiri ananifukuza. Wote wawili walinigeukia, kila mmoja ana uhakika na jibu lake.

"Padiri, mimi siendi utawani," nikasema. "Na Kabalo siendi, Shangazi. Nataka Kilatini. Basi."

"Kilatini kitakuzalia watoto?" Shangazi akapiga makofi. "Jamani, mutoto hana haya huyu!"

Padiri akasimama, uso mwekundu. "Kiti kile ni cha mtu mwenye wito," akasema. "Kama huna wito, huna kiti." Akaondoka.

Papa hakufungua mdomo. Hilo liliniuma kuliko maneno ya wote wawili. Nililia kwa hasira, nikiwa nimeuma kanga ya Mama ili Shangazi asinisikie na kufurahi.

Asubuhi, Shangazi akiwa bado anafunga mizigo yake, nilivaa sare yangu nikatoka kwa mlango wa jikoni. Darasani kiti changu hakikuwepo. Kilikuwa kimeondolewa, pakabaki pengo pale mbele.

"Hakuna kiti," akasema Padiri bila kuniangalia.

"Nitasimama."

Nikaegemea ukuta. Padiri akafundisha kana kwamba ukuta ule hauna mtu. Alipouliza swali, nilijibu bila kutajwa. Akauliza tena, nikajibu tena. Aniue basi, nilisema moyoni.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Papa, katika nguo zake za kazi zenye mafuta ya treni, na kichwani amebeba kiti chake cha mbao. Akapita katikati ya wavulana, akakitua kwenye lile pengo, akakitikisa kuona kama kimesimama sawa.

"Papa," akasema Padiri taratibu, "mtoto huyu hana wito."

"Padiri, miye sikuleta wito. Nimeleta kiti."

Kisha akaniambia, "Kaa."

Mimi niliyewajibu wakubwa wawili uani, sikuthubutu kukikalia. Nikamnong'oneza, "Papa, ni kiti chako."

"Ningali muzima, na ninakupa mwenyewe. Kaa, nimechelewa kazini."

Nikakaa. Padiri alishika chaki, akaitazama, akarudi ubaoni kuendelea na somo. Filimbi ya treni ya Kabalo ililia, na Shangazi aliondoka nayo peke yake.

Kiti kile kilibaki koleji mpaka nilipomaliza. Miaka ile yote Papa alikula kwenye mkeka, pamoja na sisi.