Picha za Meli Inayokula Miti

Juzi nilikuwa ofisi ya serikali mjini Kau, kando ya mto, nikingoja cheti cha safari, akaingia Mpokomo mmoja, mchonga mitumbwi. Mikuyu yake ya kuchongea mitumbwi ilikuwa imekatwa iwe kuni za meli ya moshi, ukabaki mmoja tu. Nahodha wa meli alikuwapo na wakata kuni wake.

Fundi hakupiga kelele. Alitoa vikaratasi alivyovishona pamoja, vyenye michoro ya makaa, akavifyatua kimoja kimoja upesi kwa kidole gumba. Picha zikaenda kama kitu hai: meli ikatafuna miti, ikatafuna mitumbwi, ikatafuna nyumba, mwishowe nahodha wa pichani akatia suruali yake mwenyewe motoni. Wakata kuni wakacheka mpaka wakashika mbavu.

“Choma upuuzi huo!” nahodha akafoka.

“Nikichoma nitachora tena,” fundi akajibu. “Na mkuyu uliobaki haukatwi nikiwa hai.”

Nahodha akawageukia watu wake. “Nendeni mkaukate sasa hivi.”

Mkubwa wao akafuta machozi ya kicheko, akaweka shoka mezani. “Kaukate mwenyewe, bwana.” Wenzake nao wakaweka mashoka yao.

Hata leo meli imefungwa ukingoni, haina kuni. Wasemao mashine haijui kuchoka, waje waione ilivyolala.