Kitenge cha mkamwana wangu kimetiwa kwenye fremu kiwandani

Admin, naomba ufiche jina langu na la kiwanda, maana wilaya yetu ni ndogo. Nina miaka sabini na miwili, ni mgane, naishi Bulyaga hapa Tukuyu. Nilifundisha jiografia sekondari hadi nikastaafu. Sasa kiwanda kimoja cha chai kimenipa kazi ya kuwaeleza wageni jinsi jani linavyogeuka kuwa chai. Kueleza ni kitu nilichokipenda tangu ujana, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Kwanza niwaeleze mila, kwa ajili ya ninyi wa mikoa mingine. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hataji jina lake, na baba mkwe hagusi nguo ya mkamwana hata ikianguka njiani. Tunaita ukutila. Wengi wameiacha, na siwalaumu. Mke wa mwanangu alilelewa na bibi yake kule Masoko, akaishika. Mke wangu alipokuwa hai nilimtuma amwambie kwamba simlazimishi. Akajibu, "Mwambie baba, hajanilazimisha. Hii ni heshima yangu mwenyewe."

Basi tuliishi hivyo. Nikienda kwao nilikohoa nikiwa bado kwenye migomba, naye akapata nafasi ya kuingia ndani. Alipoajiriwa karani pale kiwandani, kati yetu kulikuwa na ukuta wa mbao. Kila asubuhi nilikohoa, yeye akagonga meza yake mara moja. Ndiyo ilikuwa salamu yetu, na ilinitosha.

Mwaka huu kiwanda kiliamua kugeuza ghorofa ya juu, tulikokuwa tukinyaushia majani, iwe ukumbi wa maonesho na ofisi. Kazi ya kupanga na kupamba ndani alipewa mwanangu, aliyesomea mambo hayo Dar es Salaam. Nisimnyime haki yake, alifanya kazi nzuri. Dari ya zamani aliiacha, mashine kuukuu akazipaka mafuta na kuzimulika kwa taa. Lakini tulipohamishiwa huko, badala ya ukuta wa mbao aliweka kioo kitupu kati yetu, kisha meza ya mkewe akaielekeza kwenye kiti changu.

Nikamwambia, "Mwanangu, weka hata ubao wa kimo cha kifua. Unamjua mwenzio."

Akacheka. "Baba, ofisi siyo shamba la migomba, mtu ajifiche. Mtazoeana tu."

Siku ya ufunguzi mkamwana alifika mapema akatundika kitenge chake kwenye kile kioo. Wageni walipojaa, mwanangu alikwenda akakivuta mbele yao wote. "Jamani, mimi naweka kioo, mama watoto anaweka pazia la jikoni." Watu wakacheka. Mkamwana hakuwa na pa kukimbilia. Alichuchumaa nyuma ya meza, akajifunika kichwa kwa faili. Mimi niligeukia ukutani. Mgeni mmoja akauliza kama hayo nayo ni sehemu ya maonesho, na mwanangu akamjibu, "Ndiyo, piga picha. Mzee atakueleza, kazi yake ni kueleza."

Simu zikainuliwa. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, akapigwa picha akiwa amechuchumaa kama kuku anayetaga.

Wageni waliposhuka, alitoka kwa mlango wa nyuma akaenda kwao Masoko, na watoto wakamfuata. Nilidhani mwanangu angejuta. Wiki iliyofuata nilikuta kile kitenge kwenye fremu yenye kufuli, ukutani, karibu na kiti changu. Chini ameandika: Heshima ya Mkamwana. Wageni wanakipenda kuliko mashine zote, na meneja amefurahi. Kila kundi likifika pale, mimi ndiye ninayeeleza.

Mama yake mkamwana amenipigia simu. "Mwanangu anasema atarudi nguo yake ikitoka ukutani. Ikikaa pale, ndoa imekwisha."

Nikamwendea mwanangu, nikamsihi. Akaweka ufunguo mezani. "Itoe, baba. Lakini uitoe wewe, kwa mkono wako, mbele yangu. Ukishaishika, mambo ya kujificha yamekwisha, na yeye anarudi kukaa nyuma ya kioo. Mtu mwingine akiigusa, nitaweka picha ya mama watoto ya siku ile, kubwa, ukuta mzima."

Anajua siwezi. Nikiigusa nguo ile, nitakuwa nimemvua kwa mkono wangu kile alichokilinda miaka yote, na kumrudisha akaangaliwe. Nisipoigusa, wajukuu wangu wanakua bila baba, nami naendelea kuwasimulia wageni aibu yake huku wakinywa chai.

Jana kabla ya wageni kufika nilisimama mbele ya ile fremu, nikakohoa kwa mazoea. Nikasubiri. Meza ile haina mtu.

Ufunguo niliuchukua, ninao mfukoni. Wanangu mnaosoma hapa, hasa ninyi wakamwana wa watu, nishaurini: nifanye nini?