Pua Iliponiacha Mezani

Siku yangu ya kwanza katika stoo ya mvinyo, chini ya hoteli moja katikati ya jiji, sikuruhusiwa kugusa chupa hata moja. Mkuu wa wahudumu, Mkamba mrefu aliyesema kwa sauti ya chini, alininusa kwanza. Alinisogelea shingoni, kisha akaniamuru nikaoshe kichwa mpaka mafuta ya nywele yatoke. Mtu wa mvinyo, alisema, hapaki manukato wala hali kitunguu kibichi kabla ya kazi, kwa sababu pua ndiyo jembe lake. Nilirudi nikiwa nimelowa na nimekasirika.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mna simu za kuwaeleza kila kitu, kwa hiyo nitasema machache. Ulimi haujui mengi. Unajua utamu, uchachu na uchungu, na unahisi ukakasi, ule mkazo wa ndizi mbichi unaokausha fizi. Mengine yote ni ya pua. Ukizungusha mvinyo ndani ya glasi unauamsha, ukinusa unausikiliza, halafu unaonja kidogo na kutema ndooni, maana anayemeza kila anachoonja hafiki jioni akiwa na akili zake. Chupa iliyoharibiwa na kizibo hunuka gunia lililolowa, na hiyo humpelekei mgeni hata akiwa na haraka.

Wiki hizo za mwanzo nilikariri maneno yaliyoandikwa nyuma ya chupa. Mkuu akanipa glasi, nami nikamwimbia: cheri, plamu, cheri tena.

"Cheri umekula wapi wewe?" akaniuliza.

Nikamwambia sijawahi.

"Basi usiitaje. Sema kitu pua yako imeshakutana nacho. Mgeni akikuuliza maana yake, utasimama hapo kama mlingoti?"

Amri hiyo niliibeba maisha yangu yote. Niliibeba hadi mkahawa mmoja wa vyakula vya Kihindi mtaani Parklands, ambako wageni wengi hawakunywa kabisa na waliokunywa walitaka kitu cha kusimama na pilipili. Meneja wa pale alinifundisha kwamba mvinyo mweupe wenye utamu kidogo hupoza mdomo, lakini mwekundu wenye ukakasi huwasha moto juu ya moto. Kisha nikaingia klabu moja ya upande wa magharibi, chini ya katibu aliyependa kila kitu cha Ufaransa na kudharau kila kitu cha Afrika Kusini mpaka umfichie jina la chupa. Nilimfichia mara nyingi. Siku nilipostaafu alinipa sanduku la glasi nzuri, akanishika mkono muda mrefu.

Nyumbani kwangu Waithaka nikaona siwezi kukaa na glasi kabatini kama vyombo vya wageni. Nikawaita watu wawili. Wa kwanza alikuwa Wafula, fundi wa makochi anayeishi Kinoo, rafiki yangu tangu tulipokuwa wapangaji ploti moja. Wa pili alikuwa Mama Kendi, jirani yangu, nesi mstaafu, ambaye kanisani anaheshimiwa sana na huja na mvinyo wake ndani ya mfuko wa mboga. Kila mwezi, Jumamosi mchana, mmoja alileta chupa mbili za pande tofauti, kwa mfano Chile na Dodoma, au Stellenbosch ya Afrika Kusini na Naivasha. Tulizifunga kwa gazeti ili jina lisionekane, tukaonja, tukabishana ipi ni ya wapi. Sheria ilikuwa ile ya Mkamba wangu. Mama Kendi alinusa mapera, spiriti ya wodini, majani ya chai. Wafula alinusa gundi na ngozi ya ng'ombe, na siku moja alinusa shemeji yake. Mimi nilikuwa hakimu, na sikukosea mara nyingi. Nakiri nilivimba kichwa.

Halafu nikaugua homa mbaya. Nilipopona, siku moja maziwa yaliungua jikoni nikiwa nimekaa hatua chache tu, nikashangaa mke wangu anapiga mbio za nini. Nilinusa sabuni, nikanusa kitunguu, nikafungua chupa nzuri niliyoiweka kwa ajili ya harusi ya binti yetu. Hakukuwa na harufu hata moja. Mama Kendi aliniambia bila kunificha kwamba huenda ikarudi, na huenda isirudi. Nililia, tena si kidogo. Mtu akikuondolea kazi unabaki na ujuzi, lakini mimi ujuzi wenyewe ulikuwa umeondoka.

Sikutaka kuketi tena mezani pale. Walikuja hata hivyo, na hapo ndipo nilipoumia zaidi, kwa sababu walinihurumia. Waliacha kufunga chupa kwa gazeti. Walinusa haraka haraka, kama watu wanaokula mbele ya aliyefunga, kisha wakazungumza habari za mvua na bei ya unga. Mimi nilimimina tu. Nilijiambia, nikimaliza mwezi huu nitawaambia glasi zimevunjika.

Mwezi uliofuata Wafula alikuja na chupa moja imefungwa gazeti mpaka shingoni. Akaiweka mbele yangu.

"Nimechoka kukunywa kama tuko matanga," alisema. "Leo wewe ndio unabahatisha, Mzee."

Nikamwambia anajua sheria. Nisichonusa sisemi.

"Sawa. Mimi nitasema, wewe ukosee."

Mama Kendi alimtazama kwa jicho la kumkanya, lakini Wafula alikuwa ameshaingiza pua ndani ya glasi. Alikaa humo muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. "Kuna zambarau," alisema. "Na moshi. Si ya makaa, ni ya kuni, ile inabaki kwa sweta. Ngoja. Kuna barabara ya udongo, mvua imeanza tu."

Nikaonja. Ukakasi ulikuwa mzito, uchachu kidogo, na kileo kilipasha koo joto. Nikafumba macho nikazipanga zambarau zake na moshi wake juu ya ulimi wangu. Nikaiona nchi kavu yenye jua kali. Moyo ulinidunda kama wa mtu anayefanya mtihani.

"Dodoma," nikasema. Nilisema kwa uhakika wote wa miaka yangu ya kazi.

Wafula akachana gazeti polepole. Ilikuwa ya Naivasha.

"Ya hapo tu!" akasema. "Mzee wa mahoteli ameshindwa na waini ya jirani!"

Mama Kendi alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Akaniuliza kama kule klabuni nako nilikuwa nauza Naivasha kwa jina la Tanzania. Wafula akaapa kwamba habari hii itafika Kinoo kabla yake. Walinicheka bila huruma hata chembe, na mimi nikanyoosha glasi yangu nikadai nyingine.