Giaboksi Iliyooshwa Msibani

Kaka yangu alinunua gari kwa mhandisi mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Halikuwa na pedeli ya klachi. Lilibadilisha gia lenyewe. Kwa miezi michache alipakia abiria kati ya Chikongola, mjini, na Nanyamba, nao walilicheka kwamba linajiamulia. Kisha likaanza kunguruma bila kusogea. Mafundi wa mjini walikataa hata kulifungua. Kaka hakuwa na shamba wala kazi nyingine.

"Mdogo wangu, wewe unasoma vitabu vya mashine," aliniambia. "Jaribu. Nikilikosa hili nimekwisha."

Ufundi nilijifundisha mwenyewe kwa kufungua pampu na jenereta. Nilishusha giaboksi uani kwangu Mtawanya, nikatandika mkeka ukumbini, nikaweka kila kipande kwa utaratibu niliofuata kukitoa. Springi zake zinafanana kwa macho, lakini nguvu zake ni mbalimbali; ukikosea moja, gia haiingii. Mipira iliyokauka niliibadilisha kwa ngozi iliyolowekwa mafuta. Gasketi za kuziba maungio nilizikata kwa karatasi ngumu. Sahani za kushikisha gia, zenye utando kama kadibodi ambao ndio unaoshika, nilizikuta nzima. Nilishukuru, kwa sababu hizo nisingeweza kuzitengeneza, na hata Dar es Salaam hazikupatikana.

Kilichobaki kilikuwa kufunga. Ndipo mama yetu, niliyekuwa nikiishi naye, akafariki.

Kwetu msiba ukiingia, nyumba si yako tena. Wanawake wa mtaa huhamisha vyombo, hufagia, hupika, na mfiwa hatakiwi kugusa kitu wala kuuliza. Nilikaa barazani na wanaume mpaka tukaenda kuzika. Tuliporudi, mkeka wangu ulikuwa umekaliwa na waombolezaji. Vyuma vilikuwa uani ndani ya karai, vikubwa chini, vidogo juu, vinang'aa. Springi zote zilikuwa zimetiwa kwenye kikombe kimoja.

Shoga yake mama, ambaye asubuhi ile ndiye aliyemwosha marehemu, alinifuata akijifuta mikono kwa kanga.

"Mwanangu, tusingekuacha uaibike mbele ya wageni. Vilijaa grisi! Tumevisugua kwa mchanga na majivu. Hizi bapa zilikuwa na uchafu umeganda, umetutoa jasho, lakini umetoka wote."

Niliokota sahani moja. Utando haukuwapo. Kilichobaki ni chuma kitupu.

"Ahsante, mama," nilisema. Ningemwambia nini mtu yule, siku ile? Mpaka leo neno hilo nikilikumbuka nasikia uchungu mdomoni.

Matanga yalipokwisha nilimweleza kaka. Alizigeuzageuza zile sahani.

"Huwezi?"

"Siwezi."

"Basi usimwambie yule mama. Wala mtu mwingine. Watasema msiba wa mama tumeugeuza msiba wa gari."

Tulinyamaza, na mtaa ukaamini nimeshindwa kazi. Nilipopita Chikongola mafundi waliniita, "Fundi wa vitabu, umefika ukurasa gani?" Kaka aliwasikia. Hakunitetea, kwa kuwa tulikuwa tumeahidiana, na mimi sikumsamehe vizuri.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na lori na kamba. Kaka aliingia kushika usukani wa gari lake ili livutwe, akitazama mbele tu. Mnunuzi akaniuliza kama hakuna kilichobaki ndani ya nyumba. Nikatoa karai, nikalipakia kiti cha nyuma. Alichukua sahani moja, akaigonga kwa ukucha.

"Safi kabisa," alisema.